Mizani Isiyopunja

Kupima ni kazi ya kale katika maisha ya binadamu. Kabla ya kilo na lita kuingia madukani, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, nguo kwa shibiri na dhiraa, na pembe na karafuu kwa frasila. Kila kipimo kilikuwa na desturi zake, na desturi hizo zote zilikutana katika mwiko mmoja: usipunje. Mwenye duka aliyebonyeza kitanga cha mizani kwa kidole aliitwa mwizi, hata kama alichoiba kilikuwa konzi moja tu ya mchele. Soko zima lilimwogopa, maana aliyeharibu mizani ameharibu neno ambalo watu wote hulitegemea.

Hukumu ya mtu huyo ni nyepesi kutoa, kwa sababu yuko aliyepunjwa. Mnunuzi hurudi nyumbani na kapu pungufu, akapima tena mchele wake, akajua. Lakini wako wapimaji wa namna nyingine ambao hawauzi wala hawanunui. Hao hupanda milima mirefu ya dunia wakapima barafu ya kudumu, ile isiyokwisha kwa jua la msimu mmoja. Na ndani ya barafu hiyo hutafuta chembe zenye mionzi, yaani chembe za vitu kama seziamu na plutoniamu ambazo huvunjika zenyewe na kutoa miali isiyoonekana. Jicho haliwezi kuziona chembe hizo, pua haiwezi kuzinusa, na mara nyingi ni chache mno hata mwili haudhuriki nazo. Hapana mtu wa kawaida awezaye kurudi nyumbani akapima tena. Basi swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji, ni hili: mpimaji wa namna hiyo akipunja, akiongeza au akipunguza, ni nani aliyepunjwa?

Yafaa kwanza tujue chembe hizo zilifikaje huko juu. Tarehe 1 Novemba 1952, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Elugelab, kimoja cha visiwa vya Enewetak katika bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa kama ya tani milioni 10 za baruti, na kisiwa chenyewe kikatoweka, pakabaki shimo la maji. Tarehe 1 Machi 1954 likafuata bomu kubwa zaidi huko Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini wakitafuta riziki zao. Mmoja wao alikufa mwaka ule ule. Tarehe 30 Oktoba 1961 Urusi ya Kisovieti ililipua bomu lililopita yote kwa ukubwa, juu ya kisiwa cha Novaya Zemlya kaskazini ya mbali. Mwaka 1963 mataifa matatu, Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza, yalitia sahihi mkataba wa kuacha kulipua mabomu ya majaribio hewani, angani na chini ya maji.

Vumbi la mabomu yale lilipanda juu kuliko mawingu ya mvua. Huko likazunguka dunia kwa miezi na miaka, kisha likashuka kidogo kidogo pamoja na mvua na theluji. Lililoangukia mashamba lilichanganyika na udongo, likalimwa na kusukumwa na maji, na likapoteza mpango wake. Lililoangukia milima ya barafu lilikuwa na bahati tofauti. Kule juu theluji ya mwaka huu hulala juu ya theluji ya mwaka jana, kama kurasa za daftari la hesabu, na kila ukurasa huhifadhi kilichoandikwa juu yake. Mtaalamu akitoboa barafu kwa keekee ndefu iliyo tupu katikati, hutoa kipande cha mviringo kama mua, na akikata mua huo pingili kwa pingili aweza kusema: hii ni theluji ya miaka ya mabomu, na hii ni ya kabla yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2000, Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na wenzake walipanda Kilimanjaro wakatoa miua sita ya barafu namna hiyo. Katika mmoja wao, uliotoka katika uwanda wa barafu wa kaskazini, walikuta alama ya klorini-36. Hiyo ni klorini ya namna ya pekee ambayo ilizalishwa kwa wingi wakati mabomu yalipolipuka juu ya maji ya chumvi ya Pasifiki. Kutoka visiwa vile mpaka Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 12,000. Mwaka 1952 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa iliyotawaliwa na Waingereza, na hapana mzee wa Machame wala wa Marangu aliyeulizwa kama mlima wake waweza kupokea majivu ya ugomvi wa wengine. Mlima uliyapokea, ukayafunika kwa theluji, ukanyamaza karibu miaka 50.

Hapo ndipo mtu mwenye akili ya haraka hutokea akasema: kiasi kile ni kidogo mno, hakikumuua ng'ombe wala mtu, basi kuna faida gani kukiandika? Neno hili si la upuuzi, na lastahili kujibiwa. Mtu akiamka asubuhi akakuta nyayo za mgeni uani mwake, nyayo hazikumwibia kitu wala kumjeruhi mtoto. Hata hivyo atataka kujua ni za nani, na jirani aliyezifagia kabla hajaziona hakumtendea wema. Udogo wa dhara ni jambo moja. Haki ya kujua nani alipita katika ua wako ni jambo jingine. Mpimaji aliyekuta alama ndogo anapaswa kusema kwamba ipo, na kwa pumzi ile ile anapaswa kusema kwamba ni ndogo. Akisema moja akaacha la pili, amekwisha kubonyeza kitanga.

Ni ajabu kwamba alama zile za uharibifu zimekuwa rula ya kupimia umri wa barafu yenyewe. Mwaka 2006 wenzake Thompson walitoboa barafu ya mlima Naimona'nyi, kusini magharibi ya Tibet, kwenye kimo cha zaidi ya mita 6,000. Walitafuta tabaka za miaka ya 1950 na 1960, ambazo hupatikana karibu kila mahali palipo na barafu ya kutosha. Hawakuzikuta. Walipima mionzi kwa njia zaidi ya moja, na jibu likawa lile lile. Maana yake ni kwamba barafu yote iliyojengwa tangu miaka ya mabomu ilikuwa imekwisha kuyeyuka, na ile iliyobaki juu ilikuwa ya zamani kuliko mabomu. Mlima ulikuwa unapungua kutoka kichwani. Milima ya upande ule ndiyo mama wa mito mikubwa ya Bara Hindi, kama Indus na Ganges, ambayo mamia ya milioni ya watu hunywa na kumwagilia mashamba yao.

Napenda mfano huo kuliko mingine kwa sababu habari iliyotangazwa ilikuwa habari ya kukosa. Mwanafunzi aliyefanya jaribio katika maabara ya shule, akatazamia rangi nyekundu asiione, hushawishika kuandika kwamba aliiona, au kulitupa jaribio lake na kunakili la rafiki yake. Sifuri humwaibisha. Wataalamu wale waliiandika sifuri yao kwa heshima zote, na sifuri hiyo ikawa na maneno mengi kuliko tarakimu.

Wako pia wasemao kwamba, ikiwa mabomu yametupa rula nzuri hivyo, basi nayo yalikuwa na kheri yake. Sikubali. Nyayo za mwizi humsaidia askari kumkamata, lakini hapana amshukuruye mwizi kwa kuacha nyayo.

Sasa tuende Ufaransa, mahali ambapo swali letu liliulizwa kwa sauti kubwa. Tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa nguvu za atomu wa Chernobyl, katika nchi ya Ukraine, ulilipuka. Wingu lake lilisambaa Ulaya. Ujerumani ya Magharibi iliweka mipaka juu ya maziwa na mboga za majani; Italia ilizuia mboga za majani zisiuzwe kwa muda. Ufaransa, iliyo jirani ya zote mbili, ilisikia kutoka kwa ofisi ya serikali iliyohusika kwamba viwango vilivyoonekana havikuwa na hatari kwa afya. Watu wakafanya dhihaka kwamba wingu lilifika mpakani likasimama, kama msafiri asiye na pasi. Kusema haki, hapana ofisa aliyetamka maneno hayo ya dhihaka. Lakini dhihaka haipati makao ila pale ambapo imani imehama.

Mwaka ule ule raia wa kawaida, wakiwamo walimu na wanasayansi, waliunda vyama vyao vya kupima. Kimoja ni CRIIRAD, chenye maabara yake katika mji wa Valence. Kingine ni ACRO, cha upande wa Normandy. Yafikirie jambo hilo, msomaji: watu waliosema, ikiwa hatuna imani na mizani ya mwenye duka, tutanunua yetu. Mizani hiyo si rahisi. Yahitaji vyombo vya thamani na watu waliosoma, na zaidi ya yote yahitaji subira.

Katika miaka ya 1990 wapimaji hao walipanda milima ya Alps. Kule juu theluji ya mwaka 1986 ilikuwa imeyeyuka polepole, na maji yake yalikusanyika katika vibonde vidogo, vingine si vikubwa kuliko meza ya kulia. Seziamu iliyokuwa imetandaa juu ya mteremko mzima ilishuka pamoja na maji, ikatulia ndani ya vibonde. Basi hatua moja ardhi ilikuwa kama kawaida, na hatua ya pili chombo kilipiga kelele. Sasa nani alikuwa msema kweli: ofisi yenye wastani wa mkoa, au chama chenye udongo wa kibonde? Wote wawili waweza kuwa na tarakimu sahihi. Darasa la wanafunzi 40 likiwa na mikate 40, wastani ni mkate mmoja kwa kila mwanafunzi, na wastani huo ni wa kweli hata ikiwa watu 10 wamekula yote na 30 wamelala na njaa. Ndiyo sababu nasema kwamba mtu aweza kupunja kwa tarakimu za kweli. Hutosha achague ile itakayomnyamazisha muulizaji. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha Ufaransa kilidumu miaka zaidi ya 10 mbele ya mahakama, ingawa mwisho wake hapana ofisa aliyepatikana na hatia.

Juu ya barafu zenyewe jambo kama hilo hutokea kwa namna nyingine. Juu ya mito ya barafu hukusanyika vumbi jeusi, mchanganyiko wa mchanga, masizi na vijidudu vidogo vya kijani, ambalo huchimba vitundu vya maji kwa sababu weusi wake hulivuta jua. Vumbi hilo hunasa seziamu na chembe nyingine zinazoachiwa na barafu inayoyeyuka, likazishika kwa nguvu nyingi kuliko udongo wa bondeni. Mpanda milima apitaye karibu nalo hadhuriki. Lakini kilichofungwa tangu enzi ya mabomu sasa chafunguliwa na joto la enzi yetu, na mahali kitakapokwenda pataka watu wa kupaangalia.

Mpaka hapa yaweza kuonekana kwamba hatari ya mpimaji ni moja tu, kupunguza ili kuwapendeza wenye mamlaka. Hatari ya pili ni ya kuongeza ili kuwapendeza wasikilizaji, nayo ni tamu zaidi, kwa maana huvaa nguo za haki.

Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomu huko Reggane, katika jangwa la Sahara, nchini Algeria. Afrika ilikasirika. Ghana, chini ya Kwame Nkrumah, ilizuia mali za Kifaransa zilizokuwamo nchini humo. Hata hivyo Ufaransa iliendelea, hewani na chini ya ardhi, mpaka 1966, na majaribio yote yakafika 17. Basi wakati vumbi jekundu la Sahara lilipovuka bahari mwaka 2021 likaipaka theluji ya Ufaransa rangi ya manjano, na chama cha ACRO kilipokuta seziamu ndani yake, hadithi ilijiandika yenyewe: sumu iliyopandwa Afrika imerudi kwa mpanzi! Nani kati yetu hakuipenda hadithi hiyo? Ina haki ndani yake, na ina mwisho mzuri kama ngano ya sungura na fisi.

Mwezi wa Machi 2022 vumbi kama lile lilifika tena Ulaya Magharibi. Wanasayansi waliwaomba watu wa kawaida walikusanye kutoka juu ya magari na madirisha yao, nao wakalipeleka maabara. Huko hawakupima seziamu peke yake. Walipima pia plutoniamu, ambayo kwa uwiano wa aina zake hutaja jina la aliyeitengeneza, kama alama ya fundi chini ya chungu. Matokeo yalitolewa mwaka 2025. Alama haikuwa ya mabomu ya Ufaransa. Ilifanana na ile ya mabomu ya Marekani na Urusi ya Kisovieti, yaliyomwaga majivu yao duniani pote, jangwani kama milimani. Na kiasi chake kilikuwa kidogo, si cha kumdhuru mtu.

Hapa ndipo ninapoiona heshima ya mpimaji kwa ukamilifu wake. Ni rahisi kusema kweli inayomuudhi mkubwa, kama watu wako wanakushangilia. Ni vigumu kusema kweli inayowanyang'anya watu wako hadithi waipendayo. Jibu lile halikuifutia Ufaransa deni lake la Reggane. Wakazi wa pale na mchanga wao wanastahili kupimwa kwa haki yao wenyewe. Lakini deni la kweli haliongezwi nguvu na ushahidi wa bandia. Likiungwa na ushahidi wa bandia, siku bandia itakapojulikana mdaiwa atatoka barazani akicheka.

Kwa hivyo narudi kwenye swali langu. Anayepunjwa ni yule asiyeweza kupima tena. Mzee wa Marangu ambaye hakuulizwa mwaka 1952 ni mmoja wao. Mchungaji wa Alps ambaye kibonde chake kilimezwa na wastani ni wa pili. Na wa tatu, ambaye ni wengi kuliko wote, bado hajazaliwa: atarithi tarakimu bila kurithi barafu, wala hatakuwa na njia ya kujua kama kidole kilikuwa juu ya kitanga.

Nimetaja kurithi tarakimu bila barafu kwa sababu sisi wenyewe tumekwisha kuanza. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko nyingine za Mlima Kenya, ilichorwa ramani mwaka 1934, ikapimwa tena wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Fizikia ya Dunia, 1957 na 1958, na mara nyingi baadaye. Mwaka 2010 wapimaji walikuta kwamba tangu 1934 ilikuwa imepoteza karibu sehemu tisa katika kumi za ujazo wake. Tarakimu hizo zote huhifadhiwa Zürich, Uswisi, katika shirika linalokusanya hesabu za mito ya barafu ya dunia, kazi iliyoanza mwaka 1894. Juu ya Kilimanjaro, Thompson na wenzake walikadiria mwaka 2002 kwamba, hali isipobadilika, barafu yote huenda ikaisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo ilipita na barafu kidogo ikabaki. Wako waliofurahi, wakasema kwamba wapimaji ni waongo. Lakini kukadiria kesho si sawa na kupima leo, na kipimo cha mwaka 2007 kilionyesha kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imekwenda. Mwenye haki huyataja yote mawili, makadirio yaliyokosa mwaka wake na kipimo kilichosimama.

Mjini Dar es Salaam kiko kituo kimoja cha mtandao uliowekwa kwa ajili ya mkataba wa mwaka 1996 wa kukataza kabisa majaribio ya mabomu ya atomu. Kazi yake ni kuvuta hewa kupitia kichujio na kutafuta mionzi katika kichujio hicho. Mlima ulikuwa shahidi bila kuitwa. Kituo hicho ni shahidi tuliyemweka kwa mikono yetu, naye aweza kujibu baada ya siku chache badala ya miaka 50. Ile miua ya Kilimanjaro nayo ilipelekwa Columbus, Ohio, ikahifadhiwa katika vyumba vya baridi kali, safu juu ya safu, pamoja na barafu za Peru na za Tibet. Mwanafunzi wa Moshi atakayetaka kuugusa ukurasa wa mwaka 1952 wa mlima anaouona kila asubuhi kutoka dirishani mwa darasa lake, hana budi kupanda ndege.